Barua ya wazi kwa wanaouza ukaazi: kibali na kodi visitenganishwe

Kwa waheshimiwa mawaziri wa fedha, wakuu wa idara za uhamiaji na wabunge wa nchi zinazouza, au zinazojiandaa kuuza, haki ya ukaazi kwa matajiri wa kigeni.

Waheshimiwa,

Kazi yangu ni kuandaa hesabu za kodi za watu ambao maisha yao yako katika nchi zaidi ya moja. Mezani kwangu hupita vibali vya kila aina: vya wafanyakazi, vya wanafunzi, vya waliofuata wenza wao, na hivi vinavyonunuliwa kwa uwekezaji, ambavyo dunia imezoea kuviita viza za dhahabu. Mwenye kibali cha kazi huja na hati za mshahara ambao kodi yake imekwisha kukatwa. Mwenye viza ya dhahabu, mara nyingi, huja akiuliza kama alichonunua kitamlazimisha kulipa kodi, na kama ndivyo, afanye nini kisimlazimishe. Simlaumu kwa kuuliza. Nawaandikia nyinyi kwa sababu jibu la swali lake limo katika sheria mlizozitunga, na katika nchi nyingi jibu hilo linawaumiza raia wenu na raia wa nchi alikotoka.

Ombi langu nalitaja mapema ili msilitafute chini ya barua. Msiuze kibali cha ukaazi kilichotenganishwa na wajibu wa kodi. Anayepewa haki ya kuishi katika nchi aishi humo kweli, na akiishi humo alipe kodi kwa sheria ileile inayomtoza muuguzi na fundi. Na bei ya haki hiyo, kama lazima iwepo, ipangwe na bunge mbele ya macho ya watu.

Niwaeleze kwanza pale ambapo mambo hupotoka. Sheria ya uhamiaji na sheria ya kodi ni sheria mbili. Ya kwanza inasema nani anaruhusiwa kukaa. Ya pili inasema nani ni mkaazi wa kodi, yaani nani anadaiwa kodi kama mtu wa nchi hiyo, na nchi nyingi huamua hilo kwa kuhesabu siku, aghalabu 183 katika mwaka, au kwa kuangalia nyumba ya kudumu ya mtu iko wapi, familia yake iko wapi, na shughuli zake za kiuchumi zimeegemea wapi. Kwa mhamiaji wa kawaida sheria hizi mbili hukutana zenyewe: amekuja kufanya kazi, anakaa, siku zinatimia, kodi inakatwa. Kwa mnunuzi wa viza ya dhahabu hazikutani hata kidogo. Ureno, kwa mpango wake ulioanza mwaka 2012, imekuwa ikiwataka wawekezaji kukaa nchini kwa wastani wa siku 7 tu kwa mwaka. Mtu wa siku 7 hawezi kuwa mkaazi wa kodi kwa hesabu ya siku. Ana kadi, ana haki ya kusafiri katika nchi za Schengen huko Ulaya, na mapato yake yote ya nje hayaguswi. Falme za Kiarabu nazo hutoa kibali cha miaka 10 kwa anayemiliki jengo la thamani ya dirhamu milioni 2, katika nchi isiyotoza kodi ya mapato kwa mtu binafsi.

Marekani imejenga sheria yake kwa njia nyingine. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali chake cha ukaazi wa kudumu, hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, awe amekaa Marekani siku 300 au siku 3. Akaunti zake za nje zikifikisha jumla ya zaidi ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, ni lazima aziripoti. Akiishika kadi hiyo katika miaka 8 kati ya 15 kisha akairudisha, anaweza kutozwa kodi ya kuondoka, kana kwamba ameuza mali zake zote siku moja kabla. Ndiyo sababu matajiri wengi wa dunia wamekuwa wakiikwepa kadi hiyo hata walipoweza kuipata.

Kwa hiyo mpango uliotangazwa huko Septemba 2025 unastahili kusomwa kwa makini na kila mmoja wenu. Kwa amri ya rais, mtu anayetoa dola milioni 1 kama zawadi kwa Wizara ya Biashara, au kampuni inayomtolea dola milioni 2, anafunguliwa njia ya kupata ukaazi wa kudumu kupitia Kadi ya Dhahabu. Juu ya fedha hizo kuna ada ya dola 15,000 ya kushughulikia maombi. Kando yake ikatangazwa kadi nyingine, ya Platinamu, kwa dola milioni 5, yenye ahadi ya kukaa Marekani hadi siku 270 kwa mwaka bila kutozwa kodi kwa mapato ya nje.

Ahadi hiyo ya siku 270 ndiyo iliyonifanya niandike. Kwa sheria ya kodi ya nchi hiyo, mtu asiye na kadi yoyote akikaa siku 183 katika mwaka anahesabiwa mkaazi wa kodi, isipokuwa wachache kama wanadiplomasia na wanafunzi. Mhandisi aliyekuja kwa viza ya kazi hawezi kusema, "Nina nyumba ya kupangisha kwetu, naomba mapato yake msiyatoze." Atatozwa. Mwenye milioni 5 ataruhusiwa kukaa miezi tisa, atembee kwenye barabara zilezile, alindwe na polisi walewale, na mali yake ya nje ibaki salama. Na hakuna amri ya rais inayoweza kuibadilisha sheria ya kodi. Hilo ni la bunge peke yake. Kutangaza bidhaa kabla sheria ya kuiruhusu haijatungwa ni kuwaambia wabunge kwamba kazi yao imebaki kugonga muhuri.

Hata Kadi ya Dhahabu yenyewe ina kasoro ya aina hiyo. Bunge la Marekani lilikwisha kuweka njia ya wawekezaji mwaka 1990, ile ya EB-5. Lilisema mtu aweke mtaji katika biashara, na biashara hiyo ianzishe ajira 10 za kudumu. Mwaka 2022 likaifanyia marekebisho, kiwango kikawa dola 1,050,000, au 800,000 kwa maeneo yenye ukosefu mkubwa wa ajira na ya vijijini. Njia hiyo imekuwa na madhambi yake. Mwaka 2016 wasimamizi wa masoko ya mitaji walifungua kesi ya udanganyifu kuhusu mradi wa hoteli za mapumziko wa Jay Peak huko Vermont, ambao ulikusanya zaidi ya dola milioni 350 kutoka kwa wawekezaji wa nchi zisizopungua 74. Lakini ilikuwa sheria, ilijadiliwa, ilipigiwa kura, na ilipovunjwa kulikuwa na kifungu cha kumshtaki mvunjaji. Kadi mpya haihitaji ajira hata moja. Inachukua makundi ya viza ambayo bunge liliyatenga kwa watu wenye vipaji vya pekee na wataalamu wa viwango vya juu, kisha inawaambia maofisa waihesabu zawadi ya fedha kuwa ushahidi wa kipaji. Makundi hayo yana ukomo wa idadi kila mwaka. Kuna wataalamu waliozaliwa India ambao wamesubiri zamu yao kwa zaidi ya miaka 10. Kila nafasi inayokwenda kwa zawadi imetoka katika foleni hiyo.

Nimekaa sana Marekani kwa sababu ni mfano mpya, lakini tatizo linalonisumbua zaidi halina nchi moja. Ni hili la taarifa za benki.

Tangu 2017 nchi zimekuwa zikipeana taarifa za akaunti kila mwaka kwa utaratibu ulioandaliwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, na sasa waliojiunga ni zaidi ya 100. Marekani haimo, inao utaratibu wake. Kiini chake ni rahisi. Benki inamuuliza mteja yeye ni mkaazi wa kodi wa nchi gani, na jibu lake ndilo linaloamua taarifa zitatumwa wapi. Sasa chukulieni mfanyabiashara anayeishi na kuchuma katika nchi ya kwanza. Fedha ameziweka katika benki ya nchi ya pili. Anakwenda kununua kibali katika nchi ya tatu, isiyotoza kodi ya mapato. Huko anakodi nyumba, anapata bili ya umeme na namba ya simu. Benki ikimuuliza, anatoa kibali na bili. Taarifa zinatumwa nchi ya tatu, ambako hakuna anayezihitaji. Nchi ya kwanza, ambako fedha zilichumwa na ambako watoto wake wanasoma, haipati hata mstari mmoja.

Hajavunja mlango wa mtu. Ametumia karatasi yenye muhuri wenu.

OECD ililiona hilo. Oktoba 2018, baada ya kuchunguza mipango zaidi ya 100 ya kuuza uraia na ukaazi, ilichapisha orodha ya ile yenye hatari kubwa: ile inayotoza kodi ndogo kwa mali za nje na isiyomtaka mnunuzi akae nchini kwa muda wa maana. Benki zikaelekezwa kumuuliza mteja wa mipango hiyo maswali ya ziada. Je, ukaazi wako umetokana na uwekezaji? Una haki ya ukaazi katika nchi nyingine? Mwaka uliopita ulikaa zaidi ya siku 90 katika nchi nyingine yoyote? Ritani yako ya kodi uliiwasilisha wapi?

Ni maswali mazuri. Lakini tazameni mzigo ameachiwa nani. Ameachiwa karani wa benki, ambaye mwajiri wake anaitaka amana ya mteja, na ambaye hana namna ya kuhakikisha majibu. Nyinyi mnaouza kibali mnayajua majibu yote manne siku ileile mnayopokea fedha. Mnajua mnunuzi ametoka wapi, biashara yake iko wapi, na kwamba hana nia ya kukaa. Mngeweza kuandika juu ya kadi kwamba si ushahidi wa ukaazi wa kodi. Mngeweza kuiarifu mamlaka ya mapato ya nchi alikotoka kwamba raia wenu huyu amechukua kibali kwetu tarehe fulani. Barua ya ukurasa mmoja ingetosha. Mipango mingi haifanyi hivyo, na naamini sababu ni kwamba wanunuzi wangepungua siku barua ya kwanza itakapotumwa. Mpango ambao wanunuzi wake watakimbia wakijua kodi yao itajulikana haukuwa unauza ukaazi.

Na msidhani mikataba ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili itaziba pengo hilo. Mikataba hiyo ina ngazi zake mtu anapodaiwa na nchi mbili: kwanza nyumba ya kudumu, kisha mahali penye uhusiano wake wa karibu wa kifamilia na kiuchumi, kisha anakokaa kwa mazoea, kisha uraia. Ni ngazi za haki. Kuzipanda, hata hivyo, kunahitaji mwenye madai kuthibitisha kila moja, na anayedai mara nyingi ni mamlaka ya mapato yenye maofisa wachache dhidi ya mawakili wanaolipwa kwa saa. Kibali mlichouza kwa nusu milioni kinaweza kuipotezea nchi nyingine kodi mara nyingi ya hiyo, mwaka baada ya mwaka. Nchi zinazopoteza hivyo ni pamoja na zile ambazo mnazipa misaada ya maendeleo kwa mkono mwingine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuulizane basi mwenyeji amepona kiasi gani. Kanada ilijibu swali hilo kwa takwimu zake yenyewe, na sijui kwa nini jibu lake halisomwi katika kila wizara ya fedha. Ilianza kupokea wahamiaji wawekezaji mwaka 1986. Katika miaka ya mwisho ya mpango, kila mmoja alitakiwa kuikopesha serikali dola za Kanada 800,000 bila riba kwa miaka mitano, kisha anarudishiwa. Bajeti ya mwaka 2014 iliufunga mpango huo wa kitaifa, na serikali ikaeleza sababu: katika kipindi cha miaka 20, mhamiaji mwekezaji alilipa kodi ya mapato pungufu kwa takriban dola 200,000 kuliko mhamiaji aliyeingia kwa ujuzi wake, na pungufu kwa karibu dola 100,000 kuliko mlezi anayeishi nyumbani kwa mwajiri.

Mlezi. Yule anayewaogesha wazee na kuwalaza watoto wa wengine, ambaye aliombwa barua, vyeti na subira, aliichangia hazina kuliko yule aliyewekewa zulia. Nimefanya kazi na ritani za walezi. Zinakuja kwa wakati, na wanaogopa kukosea hata senti. Wanastahili nchi ambayo haimuuzii mwingine njia ya kukwepa kile wao wanachokitimiza kwa jasho.

Wengine wamefuata njia ya kumvutia tajiri kwa kodi ya mkupuo. Italia tangu 2017 imemruhusu mhamiaji tajiri kulipa euro 100,000 kwa mwaka kwa mapato yake yote ya nje, hata yawe mangapi. Mwaka 2024 ikapandisha kwa wanaoingia upya hadi 200,000. Angalau huyu anakaa na analipa kitu, na hilo nalikiri. Lakini ukomo ni ukomo: anayepata milioni 2 na anayepata milioni 200 wanalipa sawa, wakati mwalimu akiongezewa mshahara kiwango chake cha kodi kinapanda naye.

Kuhusu nyumba sitasema mengi, maana limesemwa sana. Hispania iliufunga mpango wake Aprili 2025, baada ya waziri mkuu Pedro Sánchez kueleza kwamba viza 94 kati ya kila 100 zilitokana na ununuzi wa nyumba. Ureno iliondoa njia ya nyumba mwaka 2023. Ugiriki ilipandisha kiwango hadi euro 800,000 kwa Athens, Thessaloniki na visiwa vinavyopendwa zaidi. Fedha zilizoingia zilinunua majengo yaliyokuwepo tayari, na wapangaji wakabaki na kodi za pango zilizopanda.

Wanaouza uraia wenyewe wamekutana na sheria uso kwa uso. Tarehe 29 Aprili 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mpango wa Malta wa kutoa uraia kwa malipo unakiuka sheria ya Umoja huo, kwa sababu unaufanya uraia kuwa biashara. Saiprasi ilikwisha kuufuta wake Novemba 2020; tume ya uchunguzi ikagundua kwamba kati ya watu 6,779 waliopewa uraia tangu 2007, asilimia 53 walipewa kinyume cha sheria. Vanuatu ilipoteza kwa raia wake wote haki ya kuingia Ulaya bila viza, kwa sababu ya pasi ilizouza. Mvuvi wa Vanuatu hakuuza pasi yoyote, ila leo yeye ndiye anayepanga foleni.

Mtaniambia ukaazi si uraia, na ni kweli mahakama hazijaufikisha huko. Mwaka 1955, katika kesi ya Nottebohm, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa kuitambua dhidi ya Guatemala hati ya uraia ambayo Liechtenstein ilimpa mtu asiye na uhusiano wa kweli na nchi hiyo. Wanasheria wanabishana hadi leo juu ya upana wa hukumu hiyo. Mimi nasema tu kwamba ukaazi unahitaji uhusiano wa kweli kuliko hata uraia. Raia anaweza kuishi ng'ambo maisha yake yote akabaki raia. Mkaazi asiyekaa ni mkaazi wa nini?

Najua pia kuna miongoni mwenu wanaoongoza visiwa vidogo vilivyopigwa na vimbunga, ambavyo mikopo ya kimataifa huvifikia kwa shida. St Kitts na Nevis ilianza kuuza uraia mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya uhuru. Dominica, baada ya kimbunga Maria mwaka 2017, ilijenga nyumba za watu kwa fedha za namna hii. Siwezi kukaa kwenye kiti changu nikawaambia walipaswa kuacha watu bila paa. Ila tazameni soko hilo lilivyokwenda: majirani walishushiana bei hadi mwaka 2024 wakalazimika kutia saini makubaliano ya kutouza chini ya dola 200,000. Hitaji la kisiwa lilikuwa la kweli, na dunia yenye fedha ilipaswa kulibeba. Nchi tajiri inayoiga mpango huo haina kimbunga cha kujitetea nacho.

Kwa hiyo nawaomba haya. Mwenye kibali cha uwekezaji atimize siku za ukaaji za maana, nusu mwaka angalau, na kibali kisihuishwe bila ritani ya kodi ya mwaka uliopita. Msimpe msamaha wa kodi ambao mhamiaji mwenye kibali cha kazi hawezi kuuomba. Fedha ziingie katika mfuko mkuu wa serikali ambao bunge linaukagua. Zisiitwe zawadi kwa wizara. Upekuzi wa chanzo cha fedha ufanywe na chombo cha serikali, wala usiachiwe wakala anayelipwa kamisheni kwa kila mteja anayepita. Na siku kibali kinapotolewa, mamlaka ya mapato ya nchi alikotoka mnunuzi iarifiwe.

Kwa walio na mipango tayari, nina ombi jingine ambalo halihitaji sheria mpya. Chapisheni, kabla ya bajeti ijayo kusomwa, takwimu tatu: ni wangapi wanaoshika vibali hivi leo, ni wangapi kati yao walikaa nchini zaidi ya siku 183 mwaka uliopita, na ni wangapi waliowasilisha ritani. Idara ya uhamiaji inayo ya kwanza na ya pili, mamlaka ya mapato inayo ya tatu. Nitazisoma zote, na nitawaandikia tena.

Wenu katika kulijenga taifa,
Mwandaaji wa hesabu za kodi